Barua ya wazi kwa kamati ya programu ya vijana: aliyetazama filamu hajasoma kitabu

Chumbageni,
Tanga.

Kwa Mwenyekiti na wajumbe wa kamati inayosimamia maonesho ya filamu na usomaji kwa vijana, Tanga.

YAH: WATAZAMAJI WA FILAMU KUANDIKWA KUWA WASOMAJI WA VITABU

Waheshimiwa,

Shikamooni kwa mlionizidi umri, na salaam kwa wengine wote. Naandika hadharani kwa sababu njia za ndani zimegonga mwamba. Niliiandikia ofisi yenu, nikajibiwa kwamba barua imepokelewa. Nikamfuata katibu, akanielekeza kwa mratibu. Mratibu akasema jambo langu linasubiri kikao. Kikao kikakaa, jambo langu halikuwemo. Sitaitaja programu kwa jina, wala mfadhili wake. Wenyewe mnajijua, na wazazi wa Chumbageni, Makorora na Ngamiani wanaowaruhusu watoto wao waje ukumbini Jumamosi wanawajua pia.

Programu ilipoanza, makubaliano yalieleweka na kila mtu. Mngeleta riwaya za vijana zilizotengenezewa filamu, vijana wazisome kwa makundi, kisha filamu ioneshwe na mjadala ufuate. Niliunga mkono. Nilileta mabinti wa klabu yangu ya usomaji, nikawashawishi na walimu wa sekondari niliowafahamu walete wanafunzi wao. Vitabu vilikuja kweli, vikapangwa kwenye kabati la vioo, tukapiga picha mbele yake. Leo kabati lina kufuli na hakuna anayejua ufunguo uko kwa nani. Kilichobaki katika programu ni projekta, spika na bisi.

Msinisome kama mtu anayeogopa skrini. Tanga ni mji wa sinema tangu enzi za Majestic, na wazee wetu waliweza kusimulia filamu moja ya Kihindi wiki nzima barazani. Ninachokilalamikia ni kwamba mmeiweka filamu mahali pa kitabu, kisha mkaipa mamlaka ya kukihukumu kitabu hichohicho. Hoja zangu ni hizi.

1. Fomu ya mahudhurio inasema uongo.

Fomu anayosaini kijana mlangoni ina safu iliyoandikwa "wasomaji waliofikiwa". Kila aliyekaa kwenye kiti anaingia humo. Taarifa mliyobandika ubaoni ikasema programu imeinua usomaji wa riwaya miongoni mwa vijana wa mji huu. Riwaya ipi, waheshimiwa, na nani aliyeifungua? Ninao mabinti walioandikwa kuwa wasomaji wa vitabu ambavyo hawajaona hata jalada lake. Nimelitanguliza hili kwa sababu ndilo linalozaa mengine yote. Mtu akishaamini kuwa kutazama ni kusoma, kufuli la kabati halimkoseshi usingizi.

2. Binti aliyesoma aliambiwa amekosea.

Baada ya kuonesha The Hunger Games, hadithi ya msichana Katniss anayeingizwa kwenye michezo ambamo vijana wanalazimishwa kuuana, mliendesha chemshabongo yenye zawadi. Swali mojawapo: nani alimpa Katniss ile pini yenye ndege? Binti mmoja wa klabu yangu, ambaye aliwahi kukiazima kitabu kabla kabati halijafungwa, akajibu: Madge, binti wa meya. Akaambiwa si kweli. Zawadi ikaenda kwa mwenzake aliyemtaja Prim. Binti alipojaribu kueleza kwamba kitabuni ni Madge, mwendeshaji akamkata: "Hapa tunafuata filamu." Ukumbi ukacheka.

Katika riwaya ya Suzanne Collins ya mwaka 2008, Madge ndiye anayekuja kumuaga Katniss na kumbandika pini ile. Katika filamu ya 2012 Madge hayumo kabisa. Katniss anaipata pini sokoni, anampa mdogo wake Prim, na Prim anamrudishia siku ya kuagana. Najua mtu atasema pini ni pini. Lakini msomaji anayeendelea na kitabu cha pili anakuja kugundua kwamba pini ile ilikuwa ya pacha wa mama yake Madge, msichana aliyechukuliwa kwenda michezoni miaka mingi nyuma akafia huko. Kwa hiyo Katniss alikuwa amevaa kifuani kitu cha marehemu bila kujua. Filamu ilipomfuta Madge ikaifuta na habari hiyo yote. Binti yule hakukosea jibu. Alikuwa anajua zaidi ya mwuliza swali, na mkamwadhibu kwa kujua.

3. Filamu inamnyamazisha msimulizi, na hakuna anayewaambia vijana.

Hapa ndipo moyo wa barua hii ulipo, naomba mnivumilie.

Riwaya ile inasimuliwa na Katniss mwenyewe, kwa wakati uliopo, hatua kwa hatua. Msomaji hana dirisha lingine. Anajua njaa yake, hesabu zake na hila zake, na anajua jambo ambalo Peeta, mshindani mwenzake wa wilaya moja, halijui: kwamba sehemu kubwa ya mapenzi yale ni maigizo ya kuwafurahisha matajiri wa Capitol, mji mkuu, ili watume msaada. Kule pangoni anambusu Peeta, mara chungu cha supu kinashuka kwa parachuti, naye anauelewa ujumbe wa Haymitch, mkufunzi wao, bila kuambiwa. Busu moja, supu moja. Filamu haikuwa na namna ya kuingia kichwani mwake, kwa hiyo ikamlazimu Haymitch kuandika kikaratasi cha kumkejeli kwamba, hilo nalo unaliita busu? Kikaratasi kinachekesha, na watu walicheka.

Mabinti wangu walitoka ukumbini wakibishana kama Katniss anafaa kuwa na Peeta au Gale, rafiki yake wa nyumbani, kama wanavyobishana kuhusu tamthilia za Kituruki. Mimi ningetaka wabishane juu ya kitu kingine: msichana anafikiri nini anapogundua kwamba chakula kinakuja akijifanya anapenda? Swali hilo, katika mji wa bandari wenye mabinti wa umri uleule na wanaume wenye pikipiki na simu za kugawa, si swali la Marekani peke yake. Liko kitabuni, limeandikwa wazi. Kwenye skrini linaonekana kama mahaba.

Kuna na mguu wa Peeta. Kitabuni anatoka uwanjani akiwa amepoteza mguu na anavishwa wa bandia. Kwenye filamu anarudi mzima. Sitakaa sana hapo. Nasema tu kwamba hadithi ya vijana wanaolazimishwa kuuana, ambamo mshindi anarudi nyumbani na viungo vyake vyote, inafundisha jambo tofauti na ile ambayo hairudishi.

Na kuna mkate. Rue, mshirika wake mdogo uwanjani, anapokufa, Katniss anampamba kwa maua. Kitabuni watu wa Wilaya ya 11 alikotoka Rue, wenye dhiki kuliko karibu wote, wanamtumia mkate, yeye ambaye si mtoto wao. Katniss anaushika, anaelewa kwamba watu wasio na kitu wamejinyima, na anawashukuru kwa sauti. Filamu imeuondoa mkate, ikaweka ghasia: baba mmoja anaanzisha, umati unafuata, polisi wanashuka na maji ya kuwasha.

Hapo lakini niwe mwadilifu. Ghasia zile ni kati ya sehemu bora za filamu. Katniss hakuweza kuziona, yuko uwanjani, kwa hiyo kitabu kisingeweza kuzionesha bila kuvunja sharti lake chenyewe. Vivyo hivyo na chumba cha waendesha michezo, na mazungumzo ya Rais Snow, mtawala wa nchi hiyo, bustanini kuhusu matumaini na hofu. Filamu imetumia uhuru wake wa kuzunguka. Kijana aliyesoma mkate, kisha akaona ghasia, ana mambo ya kuzungumza mpaka magharibi. Aliyeona ghasia tu atasema filamu kali, ataondoka. Ndiyo maana ya kuanza na kitabu, na ndiyo iliyokuwa ahadi yenu.

Mfano wa pili ni The Giver, riwaya ya Lois Lowry ya mwaka 1993. Jamii ya kijana Jonas haioni rangi, lakini kitabu hakituambii. Tunasoma kurasa nyingi tukidhani kila kitu ni cha kawaida. Jonas anaona tufaha likibadilika angali analirusha, hajui limebadilika nini, na sisi hatujui. Baadaye sana ndipo tunaambiwa kwamba alichokiona ni wekundu, na hapo unalazimika kurudi nyuma kichwani na kuipaka upya dunia yote uliyokuwa umeiwaza. Filamu ya 2014 inaanza kwa picha isiyo na rangi. Siri imekwisha kabla bisi hazijapoa. Siwalaumu sana watengenezaji, kamera haiwezi kuficha kinachoonekana. Ila mwendeshaji wenu alisimama mwishoni akatangaza kwamba sasa sote "tumemaliza kitabu".

Niseme na la kando. Vijana wetu wengi walikwisha kuziona filamu hizi kwenye vibanda umiza vya Ngamiani, zile zenye DJ anayesimulia kwa Kiswahili juu ya sauti za waigizaji. Wasomi huzibeza. Mimi huona kuna kichekesho kizuri ndani yake: filamu imemwondoa msimulizi wa kitabu, kibanda umiza kikaleta msimulizi mwingine, mwenye utani, anayebuni anapochoka kutafsiri. Kwa maana moja DJ yule amewaelewa watazamaji wake kuliko tulivyowaelewa sisi. Anajua kwamba hadithi bila mtu wa kuisimulia inabaki na pengo. Ila naye, jamani, hatumhesabu kuwa ni kitabu.

4. Umri unabadilishwa, na umri ndio mhimili wa riwaya za vijana.

Jonas wa kitabuni ana miaka 12, filamu ikamfanya 16. Percy Jackson wa Rick Riordan, mtoto wa mungu wa Kigiriki, katika riwaya ya kwanza ya mwaka 2005, naye ana miaka 12. Filamu ya 2010 ikamfanya kijana mkubwa wa sekondari. Mliponijibu kwa mdomo kwamba hilo ni suala la waigizaji tu, nadhani hamkuwa mmevisoma vitabu vyenyewe. Mfululizo ule una vitabu vitano, na juu yake kuna utabiri kwamba mtoto wa miungu wakubwa akifikisha miaka 16 ataamua hatima ya Olympus, makao ya miungu. Percy anakua kitabu kwa kitabu, msomaji anahesabu naye, na kitabu cha tano kinafika kilele siku anapotimiza miaka hiyo. Filamu iliyoanza na kijana mkubwa imeila saa yote hiyo mwanzoni. Tena ikamwondolea Ares, mungu wa vita, nafasi yake ya adui wa wazi, na ikamwacha nje Kronos, aliyekuwa nyuma ya fitina yenyewe. Mtoto wa darasa la saba pale Mikanjuni anayepata shida ya kusoma, kama Percy, angejiona katika kitabu kile. Kwenye filamu angemwona kaka yake.

5. Yanayokatwa ni yale yanayotuhusu.

Harry Potter and the Order of the Phoenix ndicho kitabu kirefu kuliko vyote saba vya mfululizo wa Harry Potter, na filamu yake ni kati ya zilizo fupi, dakika 138. Filamu ndefu kuliko zote nane, dakika 161, imetokana na kitabu cha pili, ambacho ni kati ya vile vyembamba. Urefu wa kitabu na urefu wa filamu havina undugu, kwa hiyo lazima kitu kikatwe. Kilichokatwa ni pamoja na kampeni ya Hermione, rafiki wa Harry, ya kuwatetea viumbe watumishi wa majumbani, wanaofanya kazi bila mshahara na wamefundishwa kuipenda hali hiyo. Filamu haina kampeni hiyo kabisa.

Fikirini mjadala ambao ungezuka ukumbini kwenu, katika mji ambao nyumba nyingi zina dada wa kazi aliyetolewa kijijini, pengine mwenye umri sawa na watoto anaowafulia sare. Hermione anachekwa na marafiki zake. Watumishi wenyewe wanamkasirikia. Ron, rafiki yao mwingine, anasema wanapenda kutumwa. Ni mjadala mgumu, hauna jibu la kushangilia, na uko kwenye kabati lenu nyuma ya kioo.

6. Hadithi nyingine hazina mwisho kwenye skrini.

Fupi. Mlionesha filamu tatu za Divergent na kuwaambia vijana imekwisha. Haijaisha. Riwaya ya tatu ya Veronica Roth iligawanywa mara mbili, sehemu ya kwanza ikatoka 2016, haikufanya vizuri sokoni, na ya mwisho haikutengenezwa. Mwisho upo kitabuni tu, na ni mwisho uliowagombanisha wasomaji dunia nzima. Vijana wenu hawajui hata kwamba upo.

7. Mlionesha filamu ya mtoto aliyeokolewa na maktaba, mkafunga kabati.

Hii si riwaya bali kisa cha kweli, lakini mliiingiza kwenye ratiba, nami nilifurahi kwa kuwa ni ya jirani zetu wa Malawi. William Kamkwamba aliacha shule kwa kukosa ada wakati wa njaa ya 2001 na 2002. Akaenda kwenye maktaba ndogo ya shule ya msingi huko Wimbe, akakuta kitabu cha nishati chenye picha ya vinu vya upepo, akatengeneza cha kwake. Kitabu alichoandika pamoja na Bryan Mealer kilitoka 2009, na filamu ya Chiwetel Ejiofor ikaja 2019.

Filamu ni nzuri, mimi mwenyewe nililia. Lakini inamalizia na kinu kinachovuta maji na kukiokoa kijiji kutoka kwenye njaa. Kitabuni kinu cha kwanza kiliwasha taa nyumbani kwao, na baadaye watu wakaja kuchaji simu. Maji yalikuja baadaye. Njaa ile ilikuwa imepita, baada ya kuua watu ambao hakuna kinu kilichowawahi. Tena kitabu kinaeleza alivyofanya: feni ya trekta, dainamo ya baiskeli, bomba la plastiki lililolainishwa kwa moto na kukatwa mapanga, mnara wa miti. Kijana wa ufundi hapa Tanga akikisoma anaweza kutoka na orodha ya kwenda nayo kwa wauza vyuma chakavu. Kwenye filamu anaona muziki ukipanda na bomba likitoa maji.

Vijana walikaa ukumbini wakimtazama mtoto wa Kiafrika akibadilishwa na kitabu cha maktaba, na mgongoni kwao kulikuwa na kabati la vitabu lenye kufuli. Sijui kama kuna mjumbe aliyegeuka kuliangalia.

Najua mtakachonijibu, maana mengine mmekwisha kunijibu kwa mdomo.

Mtasema vijana wa leo hawapendi kusoma. Binti wa pini alitoka wapi basi? Alisoma kwa hiari yake, na tuzo aliyopata ni kuchekwa. Kabla ya kusema hawapendi, fungueni kabati muone.

Mtasema nakala ni chache. Ni kweli. Klabuni kwetu nazo ni chache, kwa hiyo tunasoma kwa sauti kwa zamu, sura kwa sura, na anayesikiliza anapata sawa na anayesoma. Hakuna gharama yoyote ndani yake zaidi ya mkeka na subira. Mkihofia vitabu kupotea, wekeni daftari la kuazimia na mzazi asaini.

Mtasema Kiingereza ni kigumu. Filamu nazo ni za Kiingereza, tena kinachokimbia. Kitabu kinamngoja msomaji. Anarudia sentensi, anauliza, anafungua kamusi. Ukumbini mtoto asiyeelewa anacheka wenzake wanapocheka.

Mtasema, na hili mwenyekiti alinijibu kwa kujiamini, kwamba waandishi wenyewe waliziridhia filamu, mimi ni nani niziwekee mashaka. Rick Riordan aliwaandikia watayarishaji faraghani akiwaonya kuhusu skripti na kuhusu kupandisha umri wa Percy. Hawakumsikiliza. Mwaka 2018 akaziweka barua pepe zake hadharani, na tamthilia mpya ilipokuja 2023, yeye akiwa miongoni mwa waliouandaa mfululizo huo, Percy akarudi kuwa na miaka 12. Mnaona kwamba sikuwa wa kwanza kuishia kwenye barua ya wazi.

Wapo pia walioshika usukani wenyewe. Louis Sachar aliandika skripti ya Holes, riwaya yake ya 1998, na filamu ya 2003 imeifuata kwa uaminifu kiasi kwamba huwa naipendekeza kwa yeyote anayeanza. Hata hivyo Stanley, mhusika mkuu, kitabuni ni mtoto mnene ambaye mwili wake unabadilika kadiri anavyochimba mashimo juani, na wa filamu ni mwembamba tangu mwanzo. Mwandishi aliandika mwenyewe, na bado kamera haikuweza kukifuata kitabu kila mahali. Hiyo haiwi aibu kwa filamu. Inaonesha tu kwamba ni kazi mbili, na kila moja inastahili kuhudhuriwa kwa jina lake.

Mwisho mtasema mfadhili anataka takwimu. Hapa ndipo ninapoanza kukosa uvumilivu. Wafadhili kwetu ni waja leo waondoka leo, kama mji wetu unavyotaniwa. Takwimu za kweli, hata zikiwa ndogo, zitatusaidia kuomba vitabu zaidi. Za uongo zitamfanya mfadhili aamini Tanga imeshiba vitabu, apeleke kwingine.

Kwa hiyo naomba yafuatayo, na ninaomba kwa heshima.

(a) Safu ya fomu igawanywe: waliosoma, na waliotazama. Taarifa iliyopo ubaoni irekebishwe kwa msingi huo.

(b) Kabati lifunguliwe siku zote za programu, na uwepo utaratibu wa kuazima. Kama tatizo ni mtu wa kukaa na ufunguo, nipeni mimi au mwalimu yeyote mtakayemwamini.

(c) Filamu isioneshwe mpaka kundi moja angalau liwe limekisoma kitabu, na kundi hilo ndilo liongoze mjadala. Chemshabongo ikiwepo, swali liseme wazi linauliza kitabu au filamu.

(d) Binti yule aitwe mbele ya ukumbi uleule, aambiwe kwamba jibu lake lilikuwa sahihi. Zawadi si lazima. Kuambiwa ni lazima.

(e) Ratiba iingize kazi ya kwetu. Riwaya ya Vuta N'kuvute ya Adam Shafi imesomwa na wanafunzi wa kidato cha tano na sita kwa miaka mingi, na Amil Shivji ameitengenezea filamu, iliyooneshwa katika tamasha la Toronto mwaka 2021. Kuna Yasmin, msichana aliyeozwa kwa mzee, anayetoroka. Kuna Mwajuma anayempa hifadhi, na Denge anayepigania uhuru Unguja ya miaka ya 1950. Kuna taarabu, kuna bahari, na Kiswahili ambacho mtoto wa Tanga hahitaji kamusi kukifuata. Yote yanayobishaniwa katika barua hii, nini kimebanwa, nani ameachwa, kamera imeona nini ambacho kalamu haikukiona, yanaweza kubishaniwa humo kwa lugha yetu. Kwamba programu ya vijana katika mji alikotoka Shaaban Robert imepita msimu mzima bila riwaya hata moja ya Kiswahili ni jambo ambalo nawaachia wajumbe walieleze wenyewe kwa wazazi.

Sitawatoa mabinti wangu katika programu. Wataendelea kuja, watakaa viti vya mbele, na nimewaambia wasisaini safu ya wasomaji kwa kitabu ambacho hawajakisoma. Msiwazuie mlangoni kwa hilo.

Naomba majibu kwa maandishi, yabandikwe kwenye ubao uleule wa taarifa, kabla ya filamu inayofuata kuoneshwa.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mlezi wa klabu ya usomaji ya mabinti,
Chumbageni, Tanga.

Nakala: Wazazi na walezi wa wanaklabu;
Walimu wa sekondari wanaoleta wanafunzi.